Matabishi Juu ya Mchanga wa Manjano

Wifi yangu Athanasie alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa, na mpaka leo nikiukumbuka mkono ule sijui nimkasirikie nani. Yeye siwezi. Wengine wanaostahili hasira yangu sijawahi kuwaona.

Kwetu Kibabi maharage hatuyauzi kwa mizani. Tunauza kwa kopo. Unachota, unajaza, unapitisha kiganja juu kusawazisha, na mnunuzi anaona kwa macho yake kwamba hujamwibia. Lakini bado hafungui mfuko wake. Anangoja. Anangoja matabishi, ile konzi ya mwisho isiyo na bei, inayomwambia kwamba umefurahi amekuja kwako na hakwenda kwa jirani. Ukiisahau hatakutukana. Atakushukuru vizuri kabisa, na hutamwona tena.

Konzi ya Athanasie ilikuwa inamwagika pande zote za kopo. Nilimgombeza sana kwa hilo, maana mimi mkono wangu hupima hata chumvi ya mchuzi.

"Wifi, utajimaliza," nilimwambia.

"Njo maana banarudiaka kwangu," akanijibu, na kweli walirudi. Sokoni mimi nilikuwa napiga miayo wakati yeye ameshakunja gunia lake anakwenda nyumbani.

Alikuwa mke wa kaka yangu Grégoire. Grégoire alikuwa mchimbaji wa Kampuni ya madini, na mwaka wa sitini na tano, mvua ilipokuwa nyingi, udongo wa shimo ulimfunika. Kampuni ilileta jeneza na blanketi. Athanasie alibaki na watoto wawili, Adelaïde na mdogo wake wa kiume ambaye alikuwa bado ananyonya. Alibaki pia na shamba la maharage na mihogo upande wa juu wa kilima. Shamba lile si lake. Ni la ukoo wetu, kama watoto walivyo wa ukoo wetu. Hiyo ndiyo desturi, na mimi sikuitunga.

Mdogo wetu Faustin ndiye aliyefuata baada ya marehemu. Sitaki kumchora Faustin kama mnyama, kwa sababu alikuwa na mke na watoto wanne juu ya kipande cha ardhi ambacho mbuzi mmoja angekimaliza asubuhi moja. Alimwambia Athanasie kwamba angeweza kumrithi, awe mke wa pili. Padri alikataza, na Athanasie mwenyewe hata bila padri hakutaka. Basi Faustin akasema, kwa upole wake ule unaoniudhi kuliko makelele:

"Kama ni hivyo, Mama Adelaïde, utarudi Lushebere kwa baba yako. Batoto batabaki hapa kwabo."

Watoto watabaki. Nataka ulishike hilo, kwa sababu yote ninayoeleza baada ya hapa, kuosha, kupepeta, kukohoa vumbi, yalifanywa kwa ajili ya hilo tu. Athanasie hakuwa anatafuta utajiri. Alikuwa anatafuta sababu ya kulala nyumba moja na watoto wake.

Sababu ikaja kwa barabara, ndani ya gari la jeep, mwaka uliofuata.

Lazima nieleze kwanza kuhusu lundo. Wanaume walikuwa wanachimba na kuosha udongo kwenye mifereji ya mbao kando ya mto. Walichotafuta ni kasiterite, yale mawe meusi mazito yanayotoa bati. Kampuni iliyanunua. Lakini pamoja na yale meusi, chini ya mfereji ulibaki mchanga mwingine, mzito pia, wa manjano kama asali iliyoganda. Huo haukuwa na mnunuzi. Ulitupwa pembeni miaka na miaka, ukawa lundo lililopita paa la nyumba. Tuliuchukua kuziba mashimo ya barabara. Mimi niliutia kwenye sakafu ya jikoni. Watoto waliteleza juu yake.

Ndani ya jeep alikuwamo injinia Mzungu, kijana mwenye shingo nyekundu, pamoja na karani wa Kampuni, Raphaël Hakorimana, mtoto wa kwetu aliyesoma kwa mapadri. Injinia alipanda lundo, akaushika ule mchanga, akauangalia kwa kioo kidogo cha kukuza, akacheka peke yake. Kisha akatuita sote, hata wanawake, akasema Kifaransa chake na Raphaël akatutafsiria.

Alisema mchanga ule wa manjano una metali nyingi ndani yake, za jamii moja, zimefanana na kushikana kiasi kwamba hakuna mkono wala moto wa kawaida unaoweza kuzitenganisha. Huko Ulaya kuna viwanda vyenye mapipa ya asidi. Mchanga unayeyushwa, maji yake yanapitishwa pipa hadi pipa, mara nyingi mno, mpaka metali moja iachane na nyingine. Moja kati ya hizo, ambayo hupatikana kidogo sana, ndiyo wanayoipenda sasa, kwa sababu inatoa rangi nyekundu kwenye picha za televisheni. Hakuna aliyekuwa ameona televisheni. Tulicheka tuliposikia kwamba cha manjano kinatoa chekundu.

Athanasie hakucheka. Aliuliza, "Sasa ule mwenye kuchimba, banamulipa nini?"

Raphaël akauliza, kisha akaleta jibu. "Anasema mwenye kuchimba banamulipa muchanga. Mwenye kutenganisha njo analipwa ile yote iko ndani. Na kiwanda ya kutenganisha iko bei sana, inchi mingi hazina nayo. Njo maana pesa inabakia kule."

"Na mwenye kuosha?"

Injinia aliposikia swali hilo alimwangalia vizuri. Akasema kuna hatua ya kwanza ambayo inaweza kufanyika hapa hapa Kibabi. Mchanga wa lundo ulikuwa bado na kasiterite ndani, na punje za chuma. Viwanda havipendi hivyo vitu, vinakula asidi yao bure, tena ni hasara kubeba uchafu kwa lori, kwa meli ya ziwa, kwa treni, mpaka baharini. Mchanga mchafu wanaununua kama takataka. Mchanga safi wanaununua kama mali. Kama sisi tungeweza kuusafisha na ukapita mtihani wa maabara, Kampuni ingejenga banda hapa, lenye paa la mabati na sumaku kubwa ya umeme, na kuandika wanawake kazini kwa majina yao, si kama wasaidizi wa waume zao. Banda lingekuwa na nyumba ya msimamizi.

"Mujaze mifuko ya kwanza," Raphaël akatafsiri. "Isikuwe na kitu ingine ndani. Musichanganye kitu. Tutapeleka ku laboratwari."

Jioni ile ile Athanasie alikwenda kwa Faustin, nami nikamfuata. Walikubaliana mbele yangu: banda likijengwa na yeye akiandikwa, atabaki Kibabi na watoto wake, na shamba litamngoja mtoto wa kiume akue. Banda lisipojengwa, akimaliza kuvuna maharage, anakwenda Lushebere. Faustin alimpa mkono. Nadhani hata yeye aliomba banda lijengwe, ili aache kuonekana mbaya.

Tukaanza. Mchanga unaanikwa kwanza juu ya mikeka mpaka ukauke kabisa, na wewe unajua mvua za huku kwetu Masisi, kwa hiyo siku nyingine kazi yetu yote ilikuwa kukimbiza mikeka ndani na kuitoa tena. Ukishakauka unapitisha sumaku ya mkono, aliyotuachia injinia, inayokusanya punje za chuma. Kisha unapepeta kwa ungo. Hapo ndipo Athanasie alikuwa mwalimu wetu, lakini si kwa sababu ya maarifa ya ajabu. Ilikuwa kama kupepeta maharage, ila polepole zaidi: kile cheusi ni kizito kuliko cha manjano, kinabaki nyuma ya ungo, cha manjano kinasogea mbele. Kinachobaki kimechanganyika unakichagua kwa vidole, punje kwa punje, mpaka macho yanatoa machozi.

Niseme wazi kwamba niliichukia kazi ile. Mgongo uliniuma, pua ilijaa vumbi, na nyumbani mume wangu aliuliza kama nimeolewa na lundo. Wanawake wengine waliacha. Mama mmoja alisema hajazaliwa kuchagua uchafu wa Wazungu. Athanasie hakubishana na mtu. Alikuja na mtoto mgongoni, akainama, na jua lilipozama aliinuka akiwa wa manjano mpaka kwenye nyusi.

Kulikuwa na faida moja ndogo. Ile kasiterite tuliyoitoa ilikuwa yetu, injinia aliruhusu. Kila mmoja alikuwa na kitambaa chake alichofungia punje nyeusi, na kile kitambaa kilipokuwa kizito kidogo mtu alianza kuota. Mimi niliota sufuria yenye mfuniko. Athanasie hakusema anaota nini, lakini Adelaïde alikuwa amefika umri wa kuanza shule.

Ikafika siku ambayo mifuko ilikuwa tayari, imejipanga ukutani. Ulikuwa mchanga safi. Ungeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, ukautoa, usingeona punje nyeusi hata moja. Mimi ambaye si mtu wa kujisifu nilisimama nikauangalia nikajisikia mkubwa. Lori la Muhindo, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka pale njia panda, lingeubeba kesho yake mpaka Kirotshe, na kutoka pale meli ya ziwa.

Tulikuwa tunatafuta sindano za kushonea mifuko Athanasie aliposema, "Ngojeni kwanza. Matabishi?"

Tukatazamana. Ni kweli. Mnunuzi mpya, mara yake ya kwanza, ametoka mbali, ameahidi kutujengea banda, na sisi tulikuwa tunataka kumpa mifuko iliyosawazishwa juu kama ya mtu mchoyo. Tungeonekana namna gani?

"Tutamupa nini?" mmoja akauliza. "Muchanga juu ya muchanga?"

"Tutamupa ile iko muzuri," akasema Athanasie, akafungua kitambaa chake.

Akachota kasiterite yake, akamimina konzi juu ya mfuko wa kwanza. Ilikaa pale katikati ya manjano, nyeusi, inang'aa. Ilipendeza. Wengine nao wakafungua vitambaa vyao. Nami nikafungua changu, sufuria yangu yote na mfuniko wake, na sikuona uchungu, kwa sababu mtu hawezi kuwa mchoyo mbele ya mgeni halafu akadai heshima. Kila mfuko ulipata konzi yake.

Usije ukasema hatukumwelewa injinia. Tulimwelewa vizuri sana. Alisema tusichanganye kitu, nasi hatukuchanganya. Matabishi haichanganywi. Inakaa juu, ionekane, na mnunuzi akifungua mfuko anaiona kwanza, anaiweka pembeni, anafurahi, ndipo anafikia kile alichonunua. Hata mtoto wa Kibabi analijua hilo. Tukashona mifuko, tukaimba, tukaenda kulala.

Majibu yalichelewa. Maharage yalitoa maua, yakaweka maganda. Faustin alikuwa anapita kando ya shamba bila kusimama, mikono nyuma, akihesabu hatua zake kwa macho. Siku Raphaël aliporudi, alikuja kwa baiskeli, bila injinia, na nilipoona ameiegemeza baiskeli mbali nikajua habari si nzuri. Mtu mwenye habari njema huja nayo mpaka mlangoni.

"Banasema muchanga haiko safi," akasema. "Banafungua kila mufuko kidogo pale juu, kwenye mudomo, banachota, banapeleka ku laboratwari. Banakuta karibu theluthi iko kasiterite. Banasema hamukufanya kazi."

Niliwaza kwamba wamekosea mifuko, kwamba wamesoma mchanga wa watu wengine, na nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimwambie Raphaël ninachofikiri juu ya maabara yake. Athanasie ndiye aliyekaa chini kwanza. Alikuwa ameelewa.

"Papa Raphaël," akasema polepole, "ile ilikuwa matabishi."

Raphaël alifumba macho. Ni mtoto wa kwetu, mama yake anauza maharage. Alijua papo hapo, na nilimwona anavyoumia, lakini alichosema ni hiki: "Mama Adelaïde, laboratwari haijuake matabishi."

"Bachimbe chini. Baingize mukono mpaka chini, bachote tena."

"Mifuko banaisha kuimwanga. Yote pamoja, mu lundo moja, na ile ya watu ba Walikale. Injeniere banamurudisha kwabo. Kampuni inasema ni rahisi kubeba muchanga vile iko, batasafisha kule kule kwenye biko na mashini."

Ndipo akatoa malipo ya mifuko, bei ya takataka. Tulipogawana, kila mmoja alipata kiasi cha chumvi na kipande cha sabuni. Nilikuwa nimeishika sabuni yangu mkononi ndipo akili yangu ikafika pale ambapo ya Athanasie ilikuwa imefika zamani. Kasiterite ina bei. Tungeiuza kwa Kampuni kwa mlango wa mbele, zile konzi tu, tungepata zaidi ya tulicholipwa kwa mifuko yote. Zawadi yetu ilikuwa na thamani kubwa kuliko bidhaa yenyewe. Na huko walikoipeleka, mashine zao zitaitoa ile kasiterite, wataiuza, na hakuna hata mmoja atakayejua kwamba alipewa. Wameipokea na wametukana aliyeitoa.

Nilipiga kelele siku ile. Nilimtukana Raphaël, nikamtukana injinia na shingo yake, nikatukana televisheni na wekundu wake. Nilitupa sabuni, kisha nikaenda kuiokota, maana ilikuwa sabuni. Athanasie alikuwa bado amekaa chini, anachora mchangani kwa kidole, na hasira yangu ilizidi kwa sababu yeye hakuwa nayo.

Nilikwenda kwa Faustin nikamweleza kila kitu. Nikamwambia kazi ilifanyika, mchanga ulikuwa safi, yeye mwenyewe aliuona. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Minajua ulikuwa safi," akasema. "Lakini tulisema banda, dada. Banda iko wapi?"

Ningempiga. Lakini mtoto wake mdogo alikuwa amekaa pale anakwangua chungu kisicho na kitu, nikaondoka.

Athanasie alivuna maharage yake kama kawaida, akayapiga, akayapepeta. Asubuhi ya kuondoka aliyapeleka kwa Muhindo, ambaye lori lake lilikuwa limesimama njia panda likipakiwa mchanga wa manjano, sasa kwa koleo, pamoja na mawe na majani yake. Nilimsindikiza nikiwa nimemshika Adelaïde mkono, mdogo wake mgongoni kwangu. Kwangu, ndiyo. Alikuwa ameshaacha kunyonya, na tulikuwa tumefanya mazoezi tangu Jumapili asinililie, lakini bado alikuwa anageuza shingo kumtafuta.

Muhindo alifungua gunia lake. Athanasie akapima. Alijaza kopo, akapitisha kiganja, akamimina. Akajaza tena. Kopo la mwisho lilipokwisha kusawazishwa, Muhindo hakufunga gunia. Alingoja, kama mnunuzi yeyote.

Nami nilimwangalia wifi yangu, nikasema moyoni, safari hii hapana. Safari hii utakunja mkono. Maharage yale na pesa zake ndiyo kila kitu alichokuwa anakwenda nacho Lushebere.

Akaingiza mkono, akachota konzi, ile yake ya siku zote, akaiweka juu mpaka ikamwagika.

Nilimshika kifundo cha mkono. "Wewe hausikiaka? Hata leo?"

"Niache, wifi," akasema. "Huyu anaona mukono yangu."

Muhindo aliyaangalia yale maharage, kisha akamwangalia yeye, kisha watoto. Alifunga gunia. Akamwita msaidizi wake aliyekuwa amekaa mbele, karibu na usukani, akamwambia apande juu ya mchanga na wengine. "Mama, ingia hapa mbele," akasema. "Nauli hapana."

Athanasie aliwabusu watoto wake, akaingia, mlango ukafungwa. Hakugeuka nyuma, na nilishukuru kwa hilo, kwa sababu mtoto alikuwa ameshaanza kulia. Lori liliteremka kuelekea Lushebere, likidondosha mchanga kidogo kidogo kwenye kila shimo la barabara. Nilibaki njia panda na watoto wake wawili na kopo tupu mkononi, nina hasira na watu ambao hata sura zao sizijui.